Pasheni ya njano inatoa maua haizai? Jaribu kidole

Wenye pasheni ya njano kwenye fensi hapa Dar, kama maua yanajaa halafu yanadondoka tu, yachavushe mwenyewe. Ua lake linafunguka kuanzia mchana, sio asubuhi, kwahiyo nenda saa nane au tisa, pangusa ule unga wa njano kwa kidole, kapake kwenye vile vichwa vitatu vya juu, ila vya ua la mche MWINGINE. Njano huwa haijikubali, unga wake wenyewe haushiki, na vipando vilivyokatwa mche mmoja ni kitu kilekile, zambarau ndo inajizalia yenyewe. Pia vile vichwa viwe vimeshainama chini, vikisimama wima unapoteza muda. Mvua ikinyesha muda huohuo sahau, unga ukilowa unapasuka. Kazi hii kwa kawaida ni ya lile linyuki jeusi kubwa linalotoboa mbao za paa, nyuki wa asali mdogo mno anabeba unga anasepa bila kugusa juu, so ukilikuta limetoboa boriti kavu ya uani liache tu.