Jinsi ya Kuchunguza Kama Nyungunyungu Aliyekatwa na Jembe Huota Upya

Kila mvua zinapoanza hapa Kigoma, kati ya Oktoba na Novemba, wakulima ninaowafundisha kutengeneza mboji huniuliza kama nyungunyungu akikatwa na jembe anageuka kuwa wawili. Wapo wanaowakata kwa makusudi wakitaraji kuwazidisha, na jambo hilo linaniumiza, kwa kuwa shamba linapata hasara na kiumbe anateswa bila faida yoyote. Jibu ni kwamba hawi wawili: kipande cha mbele kinaweza kuishi na kuota mkia mpya, ilhali kipande cha nyuma, karibu kila mara, hufa. Nitaeleza namna ya kujihakikishia hayo bila kumkata hata mmoja, kwa kuwatumia wale ambao jembe limekwisha kuwajeruhi.

Hatua ya 1: Kusanya majeruhi shambani

Wafuate walimaji asubuhi, hasa chini ya michikichi na migomba ambako majani yanayooza huhifadhi unyevu. Okota vipande vyote viwili kila vinapopatikana, pamoja na nyungunyungu wachache wazima wa kulinganishia, kisha uwaweke mara moja katika kopo lenye udongo wa mahali pale pale. Usiwaache juani hata kwa muda mfupi. Nyungunyungu hana mapafu. Anapumua kwa ngozi, na ngozi ikikauka anakosa hewa. Kwa sababu hiyo hiyo, mikono yako isiwe na sabuni, chumvi wala mafuta.

Hatua ya 2: Tambua ulipopita mkato

Hatua hii ndiyo inayoamua kila kitu, nami naomba uifanye taratibu, ukiwa na kioo cha kukuzia kama unacho. Mwili wa nyungunyungu umegawanyika katika pingili nyingi, na kwa aliyekomaa utaona sehemu moja iliyovimba kidogo kama mkanda, yenye rangi tofauti na sehemu nyingine za mwili. Mkanda huo uko karibu zaidi na kichwa kuliko mkia, na kichwa chenyewe kimechongoka na ndicho hutangulia anapotambaa. Usitegemee hesabu ya pingili iliyoandikwa katika kitabu cha nchi nyingine: kwa Lumbricus terrestris wa Ulaya mkanda uko takriban pingili ya 32 hadi ya 37, lakini kwa Eudrilus eugeniae, anayetoka Afrika Magharibi na kufugwa sana kwa ajili ya mboji, huanzia pingili ya 13 au 14 na kuishia ya 18. Tazama mkanda wa mnyoo uliye naye mkononi.

Baada ya hapo, tenga makundi manne. Kundi la kwanza ni vipande vya mbele vilivyokatwa nyuma kabisa ya mkanda. La pili ni vipande vifupi vya mbele, ambavyo mkato wake umepita kwenye mkanda au mbele yake. La tatu ni vipande vya mkia pekee. La nne, ambalo huwa na wachache, ni wale waliopoteza pingili chache tu za ncha ya kichwa.

Hatua ya 3: Wape makazi

Kila kundi lipate ndoo au beseni lake, lililotobolewa matundu madogo chini ili maji yasituame. Jaza udongo laini uliochanganywa na samadi ya ng'ombe iliyokwisha kupoa, kwa kuwa samadi mbichi huchemka na kuua. Funika kwa gunia lenye unyevu na uweke kivulini. Ukitumia maji ya bomba, yaache wazi usiku kucha kwanza. Chakula kiwe kidogo, kama maganda ya ndizi yaliyoanza kuoza. Mabaki ya kukamulia mawese tunayo tele hapa kwetu, lakini mafuta yake hugandamana na ngozi, hivyo yaepuke.

Hatua ya 4: Tazama mara moja kwa wiki

Usiwafukue kila siku, kwani kushikwashikwa huchelewesha kupona. Mara baada ya kukatwa, misuli ya mviringo hubana na kuufunga mdomo wa jeraha, na damu, ambayo ni nyekundu kama yetu, haitoki kwa wingi. Kwa wanaopona, baadaye hutokea kichomozo kidogo cheupe mahali pa jeraha, na katika wiki zinazofuata kichomozo hicho hurefuka na kugawanyika kuwa pingili. Mkia mpya utautambua kwa urahisi: ni mwembamba na umepauka kuliko mwili wa zamani, na pingili zake ni ndogo zilizobanana.

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Kipande cha mkia huendelea kujinyonganyonga kwa muda mrefu, na mtu akikiona husema kimeshakuwa mnyoo kamili. Mwendo huo unatokana na uzi wa neva unaopita upande wa tumbo, wenye fundo dogo katika kila pingili, ambao unaweza kuamrisha misuli bila ubongo. Andika katika daftari nani amekula, nani ameota na nani ameoza. Kujinyonganyonga usikuhesabu kuwa ni kupona.

Hatua ya 5: Soma matokeo

Utakaowaona wakiota mkia ni wa kundi la kwanza. Sababu iko ndani ya mwili: mdomo, koo, ubongo, mishipa minene inayodunda kama moyo na viungo vya uzazi vyote vimekusanyika mbele, wakati sehemu ya nyuma kwa kiasi kikubwa ni utumbo, misuli na neva zinazojirudia pingili baada ya pingili. Kuongeza pingili za namna hiyo ni kazi nyepesi kuliko kuunda upya kichwa chenye viungo vyake. Kundi la pili hupoteza wengi. La nne wanaweza kuota tena ncha ya kichwa, kwa kuwa walichopoteza ni kidogo.

Kundi la tatu litakusikitisha. Wengi huoza katika siku za mwanzo, na mara nyingine kipande kinachodumu huota mkia wa pili mahali ambapo kichwa kingepaswa kuwa. Kiumbe huyo ana mikia miwili na hana mdomo, kwa hiyo hufa kwa njaa.

Hatua ya 6: Usichanganye minyoo

Imani ya mmoja kuwa wawili haikutoka hewani. Mwaka 1741 Charles Bonnet wa Geneva alikata minyoo wembamba wa majini, na vipande vikawa minyoo kamili. Mwaka 1898 Mmarekani Thomas Hunt Morgan alionyesha kwamba kipande kidogo mno cha mnyoo bapa, sehemu 1 ya 279 ya mwili, kinaweza kuwa mnyoo mzima. Minyoo bapa hao wana seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa sehemu yoyote ya mwili, zilizotapakaa karibu mwili wote. Nyungunyungu wa shambani si ndugu wa karibu wa mnyoo bapa. Ukitamani kuwatafuta minyoo bapa chini ya mawe mitoni, vaa buti na glavu, kwa maana kichocho kipo katika maji ya mkoa huu.

Hatua ya 7: Wahamishie waliopona

Mkia mpya ukishafikia unene wa kawaida, wapeleke kwenye tuta la mboji pamoja na wazima. Huko wataongezeka kwa njia yao: kila mmoja ana viungo vya kiume na vya kike, wawili hupandana, na mkanda ule ule uliouchunguza hutengeneza kifuko cha mayai. Kwa kazi ya kugeuza tuta hilo tumia jembe uma badala ya jembe la kawaida, maana meno yake hupita kati ya minyoo na kuwakata wachache zaidi.