Shira ya tanghulu: ipime kwenye maji ya barafu

Kama umejaribu tanghulu nyumbani, yale matunda ya Kichina ya kwenye kijiti yenye ganda la sukari, yakaishia kunata menoni, shira yako haikuiva. Weka bakuli la maji ya barafu kando ya jiko. Chemsha sukari vikombe 2 kwa maji kikombe 1, na baada ya dakika kama 10 anza kudondoshea tone kwenye bakuli. Likifinyika, bado. Likikatika “ka!” kama kioo, zima moto, chovya haraka. Hapo imefika nyuzi 150 hivi, maji karibu yote yameshatoka, ndiyo maana inaganda ngumu. Ikianza rangi ya asali, inaelekea kuungua. Mwiko weka mbali: ukikoroga, sukari inarudi chengachenga kama ya visheti (vitamu, ila sivyo ulivyokusudia).

Inagoma kwenye tunda lenye majimaji. Nanasi na embe la kukata vinayeyusha ganda kabla hujafika mezani. Zabibu nzima ndizo zinakubali, nazo uzifute mpaka ule unyevu wa friji uishe. Na kwa hewa yetu ya Dar, hasa mvua za masika, usitengeneze asubuhi za kula jioni. Zitatoa jasho na kunata tu, hata ukiziweka kwenye friji. Watoto wasisogee jikoni: shira hii ikidondokea mkono inang'ang'ania ngozi huku inaunguza.