Namna ya Kutunga Kanuni za Shahada za Uzamili na Uzamivu Chuoni

Kanuni ya shahada ya uzamili au uzamivu hupitishwa na chombo cha juu cha chuo katika kikao cha saa chache, lakini ubora wake huamuliwa mapema zaidi, mezani kwa yule aliyeandika rasimu. Mwongozo huu unamlenga huyo: katibu wa kamati, mkuu wa idara au mjumbe aliyekabidhiwa kazi ya kuandaa kanuni mpya au kurekebisha ya zamani, na anayetaka iwe kanuni ambayo ofisi ya usajili itaitekeleza bila kulazimika kuuliza kila mara ina maana gani.

Nani mwenye mamlaka

Vyuo vikuu vingi vina vyombo viwili vya juu. Baraza la chuo, ambalo kwingine huitwa bodi ya wadhamini, husimamia fedha, mali, ajira na mwelekeo wa taasisi. Seneti, inayoundwa zaidi na wanataaluma, husimamia mafundisho, mitihani, utafiti na utoaji wa shahada. Nchini Marekani, tamko la mwaka 1966 kuhusu uongozi wa vyuo, lililoandaliwa kwa pamoja na vyama vya maprofesa, vyuo na bodi za uongozi, lilieleza kwamba wahadhiri ndio wenye jukumu la kwanza katika mitaala na ufundishaji, na kwamba bodi inayotaka kwenda kinyume na uamuzi wao ifanye hivyo kwa nadra na kwa kutoa sababu. Si kila mahali pana vyombo viwili. Chuo Kikuu cha Toronto, kwa sheria yake ya mwaka 1971, kiliunganisha mamlaka zote katika baraza moja la uongozi, ingawa hata huko masuala ya taaluma hupita kwanza kwenye bodi maalumu iliyo chini ya baraza hilo.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika sentensi hata moja, soma sheria au hati iliyoanzisha chuo, kisha kanuni za msingi zilizotokana nayo, uone ni chombo gani kimepewa nguvu ya kuweka masharti ya shahada na ni mambo gani kimeruhusiwa kuyakasimu kwa kamati. Hili si jambo la kufanya kwa kudhani. Mwanafunzi aliyefutiwa usajili kwa kanuni iliyopitishwa na kamati isiyo na mamlaka anaweza kushinda rufaa yake bila hata kugusa kiini cha shauri.

Mtego unaojirudia ni wa ada. Rasimu husema kwamba mwanafunzi aliyezidisha muda ataongezewa mwaka mmoja na atalipa kiasi fulani kwa mwaka huo. Sehemu ya kwanza ni ya seneti, ya pili kwa kawaida ni ya baraza, na hoja iliyochanganya yote mawili hukwama katikati, kila chombo kikisubiri kingine. Gawanya hoja mara moja: kanuni ya muda ielekee seneti, na waraka mfupi wa ada uelekee baraza, kila kimoja kikitaja kwamba kingine kipo.

Kanuni au mwongozo tu?

Swali la pili ni ngazi. Masharti yanayogusa haki ya mwanafunzi kuingia, kuendelea, kutahiniwa au kutunukiwa yanastahili kuwa kanuni, ambayo seneti peke yake ndiyo inayoweza kuibadilisha. Taratibu za kila siku, kama vile fomu ipi ijazwe au pambizo za kurasa za tasnifu ziwe na upana gani, ziwekwe katika mwongozo ambao kamati ya masomo ya uzamili inaweza kuurekebisha yenyewe. Chuo kilichoweka ukubwa wa herufi ndani ya kanuni kitalazimika kuita seneti nzima siku kitakapotaka kuubadilisha, na maprofesa wakikutana kujadili herufi hawamalizi mapema.

Yapo pia mambo ambayo chuo hakiyaamui peke yake. Mamlaka ya ithibati ya nchi mara nyingi huweka kiwango cha chini cha mikopo ya masomo (yaani krediti, vipimo vya kiasi cha kazi ya masomo, si mikopo ya fedha), sifa za msimamizi, au idadi ya watahini. Katika nchi za Ulaya zinazofuata mfumo uliotokana na Azimio la Bologna la mwaka 1999, mwaka mmoja wa masomo ya muda wote huhesabiwa kuwa mikopo 60, na shahada ya uzamili kwa kawaida huwa na mikopo 90 hadi 120. Kanuni yako inaweza kudai zaidi ya kiwango hicho cha nje. Ikidai pungufu haitafika mbali. Orodhesha masharti hayo kwenye ukurasa mmoja na uuambatishe kwenye rasimu, ili mjumbe asipendekeze katika kikao jambo ambalo chuo hakina ruhusa nalo.

Anza na tatizo, si na matini

Rasimu nyingi dhaifu hutokana na kunakili kanuni za chuo kingine. Kusoma za wenzako kuna faida, lakini kwanza uliza ofisi ya usajili ni nini hasa kinachokwama. Je, wanafunzi wanachelewa kwa sababu hawaandiki, au kwa sababu tasnifu zinakaa miezi mezani kwa watahini? Je, maombi ya kuongezewa muda yanatoka idara moja au zote? Ikiwa tasnifu ndizo zinazokaa kwa watahini, kumpunguzia mwanafunzi muda hakutatibu chochote. Kinachohitajika ni kanuni inayompa mtahini tarehe ya mwisho na kueleza nani atachukua nafasi yake ikipita. Andika tatizo hilo katika aya moja, kwa takwimu za chuo chenyewe, na aya hiyo iwe ya kwanza katika waraka utakaokwenda kwenye kamati.

Kuandika kifungu: mfano wa muda wa uzamivu

Tuchukue kifungu kimoja na kukitazama kwa karibu. Rasimu ya kwanza mara nyingi husomeka hivi: "Mwanafunzi wa uzamivu anatarajiwa kukamilisha masomo yake ndani ya miaka minne, isipokuwa pawepo sababu maalumu." Sentensi hii inapendeza kusikika na haitekelezeki. Miaka minne inaanza kuhesabiwa lini: siku ya udahili, siku ya usajili, au siku pendekezo la utafiti lilipokubaliwa? Kukamilisha ni kuwasilisha tasnifu, kuitetea, au kutunukiwa katika mahafali? Miezi aliyoahirisha masomo kwa ugonjwa au uzazi inahesabiwa? Anayesoma kwa muda wa nusu yumo? Sababu maalumu ni zipi, na nani anazipima? Na akishindwa, kinatokea nini? Maswali hayo yasipojibiwa na seneti, yatajibiwa na karani wa zamu, na kila karani kwa namna yake.

Rasimu iliyofanyiwa kazi inaweza kusomeka hivi:

"(1) Mwanafunzi wa uzamivu anayesoma kwa muda wote atawasilisha tasnifu yake kwa ajili ya kutahiniwa kabla ya kupita miezi 48 tangu tarehe ya usajili wake wa kwanza, anayesoma kwa muda wa nusu atawasilisha kabla ya kupita miezi 84. (2) Kipindi ambacho mwanafunzi ameahirisha masomo kwa idhini ya Kamati hakitahesabiwa. (3) Kamati inaweza kuongeza muda mara moja tu, kwa kipindi kisichozidi miezi 12, kwa ombi la maandishi litakalopokelewa angalau siku 60 kabla ya muda kuisha, likiwa na maoni ya msimamizi. (4) Usajili wa mwanafunzi ambaye hajawasilisha tasnifu katika muda huo utakoma, baada ya Kamati kumpa notisi ya maandishi ya siku 30 na nafasi ya kujieleza mbele yake. (5) Mwanafunzi anaweza kukata rufaa kwa Seneti dhidi ya uamuzi chini ya kifungu kidogo cha (3) au (4)."

Idadi ya miezi ni ya kila chuo kuamua. Kanuni za Salzburg za mwaka 2005, zilizojadiliwa na vyuo vya Ulaya, zilitaja miaka mitatu hadi minne ya muda wote kuwa kawaida ya uzamivu, na hapo ni mahali pazuri pa kuanzia mjadala. Lililo muhimu zaidi kuliko idadi ni mahali pa kusimamisha saa. Kwa maoni yangu saa isimame siku ya kuwasilisha, si siku ya utetezi, kwa sababu baada ya kuwasilisha kasi ya kazi iko mikononi mwa chuo na watahini wake, na si haki mtu kuadhibiwa kwa ucheleweshaji asioweza kuuzuia. Angalia pia kwamba kila kifungu kidogo kinamtaja mtendaji. Mahali popote ambapo rasimu inasema "itaamuliwa" bila kusema na nani, irudishe mezani.

Vifungu vingine vya seti kamili, yaani udahili, uteuzi wa wasimamizi, taarifa za maendeleo, watahini na udanganyifu wa kitaaluma, vipitishwe katika kipimo hichohicho. Kwa watahini, ongeza sharti la kutokuwa na maslahi: aliyeandika makala pamoja na mtahiniwa, au aliye jamaa yake, asimtahini.

Kanuni inamhusu nani, na kuanzia lini

Hapa ndipo penye ugomvi mkubwa, na ndipo rasimu nyingi huwa kimya kabisa. Chuo kinapopunguza muda wa uzamivu kutoka miezi 72 hadi 48, kuna wanafunzi walio katika mwezi wa 50 siku kanuni inapoanza kutumika. Rasimu isipowataja, kuna tafsiri mbili tu: ama wamekwisha kuchelewa kwa kanuni ambayo haikuwapo walipoanza, ama kanuni mpya haiwahusu na chuo kitaendesha mifumo miwili bila mtu yeyote kuamua hivyo.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kuifanya kanuni iwahusu wote tangu tarehe moja, jambo linalofaa kwa mabadiliko yanayompa mwanafunzi nafuu, kama kufungua njia ya rufaa iliyokuwa haipo. Ya pili ni kuwahusisha wapya tu, waliosajiliwa kuanzia mwaka fulani wa masomo, na hii ndiyo salama kwa mabadiliko yanayoongeza mzigo, kwa kuwa kitabu cha mwongozo alichopewa mwanafunzi alipodahiliwa kina uzito unaokaribia ahadi. Ya tatu ni kuwahusisha wapya na kuwaruhusu wa zamani kuhamia kwa hiari, kwa maandishi, kabla ya tarehe iliyotajwa. Hii ya tatu huvutia wajumbe kwa upole wake, lakini huwapa makarani kazi maradufu. Ichague tu ikiwa kanuni mpya ina faida na hasara zilizochanganyika kweli.

Njia yoyote utakayoichagua, weka pia ukomo wa kanuni ya zamani: tarehe ambayo baada yake hakuna mwanafunzi atakayebaki chini yake, mbali kiasi kwamba wa mwisho aliyesajiliwa ana muda wake wote. Vinginevyo chuo kitajikuta, miaka kumi baadaye, na mwanafunzi mmoja anayetetea haki zake kwa kitabu ambacho hakuna ofisi iliyobaki na nakala yake.

Safari ya kwenye vikao

Kwa kawaida hoja huanzia idarani, hupita kwenye bodi ya kitivo, huenda kwenye kamati ya masomo ya uzamili, na kumalizikia seneti. Pangilia tarehe kwa kurudi nyuma: ikiwa kanuni itaanza kutumika kwa wanaodahiliwa mwaka ujao, lazima iwe imepitishwa kabla tangazo la udahili halijatoka, na makabrasha ya kila kikao hufungwa siku kadhaa kabla ya kikao chenyewe. Mara nyingi hesabu hiyo itakuonyesha kwamba umechelewa. Ni afadhali kusogeza mwaka wa kuanza kuliko kuharakisha kifungu cha mpito, yaani kile kinachoeleza kanuni mpya inawahusu nani na kuanzia lini.

Kabrasha liwe na nakala ya safu mbili, kanuni iliyopo upande mmoja na inayopendekezwa upande wa pili, ili mjumbe aone kilichobadilika bila kukitafuta. Waliotakiwa kutoa maoni watajwe: wawakilishi wa wanafunzi, maktaba, ofisi ya usajili, na wanaoendesha mfumo wa kompyuta wa taarifa za wanafunzi. Hao wa mwisho husahaulika, na ndio watakaosema kwamba mfumo hauwezi kusimamisha hesabu ya miezi kwa aliyeahirisha.

Hatari ya kikaoni ni marekebisho ya papo kwa papo. Mjumbe anapendekeza miezi 48 iwe 60, wengi wanaunga mkono, na hakuna anayekumbuka kwamba muda wa nusu na kifungu cha mpito vilitegemea ile 48. Katibu aliyejiandaa huwa na karatasi inayoonyesha kila kifungu kinachotegemea kingine, na humwomba mwenyekiti ama arudishe hoja kwenye kamati, ama seneti ipitishe msimamo na kuikabidhi kamati kazi ya kulinganisha vifungu vingine kwa mipaka iliyotajwa. Kabla ya kura, akidi ihakikiwe na mwenye maslahi ajitaje. Muhtasari ubebe matini kamili iliyopitishwa na tarehe ya kuanza kutumika. Kuandika "ilipitishwa pamoja na marekebisho" hakumsaidii yeyote mwaka ukipita.

Baada ya kupitishwa

Chapisha kanuni mahali pamoja panapotambulika kuwa ndipo rasmi, ikiwa na namba ya toleo na tarehe, kisha uziagize idara ziondoe nakala zao za zamani na ziweke kiungo badala ya kunakili. Fomu zibadilishwe wiki hiyohiyo. Wasimamizi waandikiwe barua ya ukurasa mmoja inayoeleza kilichobadilika na kinachowahusu wao, kwa sababu wachache watasoma kanuni nzima.

Mwisho, kamati iweke rejista ya misamaha: kila mara inapomruhusu mwanafunzi kutofuata kanuni, iandike kifungu, sababu na uamuzi, bila kuanika mambo yake ya siri. Rejista hiyo iletwe kwenye kamati kila mwaka. Kifungu kinachosamehewa kwa sababu ileile mara kwa mara kina kasoro katika matini yake, na kinapaswa kuandikwa upya na kupelekwa seneti badala ya kuendelea kusamehewa kimyakimya kwa wale tu wanaojua kuomba.