Kutafuta washiriki wa utafiti wa jeni Pwani bila kuitwa mumiani (mnyonya damu)

Data nyingi za jeni duniani zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya, so kama unafanya utafiti wa selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi) huku Kilifi au Lamu usikae tu hospitali ukingoja, hapo utapata wanaoishi karibu na wenye nauli basi.

Kibali cha kamati ya maadili na cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) kwanza, hiyo haina mjadala. Halafu chifu, wazee wa mtaa, na kina mama wa chama maana wao ndo wanaamua kama utafunguliwa mlango. Wavuvi wafuate kulingana na maji, sio ratiba ya ofisi yako, na Ijumaa mchana achana nayo kabisa.

Damu ndo kesi yenyewe. Watasema mumiani wamerudi, na ukicheka umekwisha. Toa ile chupa ndogo ya kuwekea damu, mimina maji kijiko kimoja cha chai wajionee ni kidogo tu, kisha sema damu itawekwa wapi, miaka mingapi, na kama itasafirishwa nje. Fomu isomwe kwa Kigiriama au Kibajuni na mtu wa hapohapo, sio mwanafunzi anayekimbiza kurasa.

Kuuliza "kabila gani?" haitoshi, uliza mababu wa pande zote mbili walitoka wapi. Ukipima familia nzima, jeni zinaweza kuonyesha baba siye baba, so mkubaliane na kamati mapema kwamba hiyo haitoki. Nauli rudisha siku hiyohiyo, na mtoto akipatikana na selimundu mpelekeni kliniki, msimwachie mamake karatasi tu.