Jina Lisipoonekana Kwenye Daftari, Usilale

Nilikaa na mpangaji miezi minne bila kujua ni nani. Kabla ya kumpa ufunguo nilisaka jina lake kwenye tovuti ya daftari la jimbo la Minnesota, Marekani, inayoonyesha waliotiwa hatiani kwa makosa ya kingono. Halikuwepo. Nikampa chumba kinachopakana na cha wanangu, nikawa naondoka kwenda zamu ya usiku roho imetulia. Mwezi wa tano tangu aingie, afisa anayesimamia kifungo chake cha nje alibisha hodi, akaona viatu vya watoto mlangoni, akauliza ni vya nani. Kaunti ikanifungulia faili la ulinzi wa watoto. Kwa siku 45 nilichunguzwa mimi mama mtu, na wanangu wakahojiwa shuleni bila mimi kuwepo. Hawakuwa wameguswa. Bado naamka usiku kwenda kuwatazama.

Shikeni hili: tovuti kukosa jina si cheti cha mwenendo mwema. Kule nyumbani unapeleka alama za vidole, unalipa, unapewa karatasi inayosema huyu ni safi. Tovuti hii haisemi hivyo hata siku moja.

Minnesota huwapanga watu hawa wanapotoka gerezani katika ngazi tatu za hatari. Wa ngazi ya tatu ndiye anayetangazwa kwa umma na kuwekwa mtandaoni. Wa ngazi ya pili, polisi huziarifu shule na vituo vya kulelea watoto. Wa ngazi ya kwanza hatangazwi kwa majirani kabisa. Kisha lipo kundi ambalo sikuwahi kulisikia: aliyehukumiwa kifungo cha nje bila kwenda gerezani hapewi ngazi yoyote. Anajiandikisha, vyombo vya dola vinajua anapolala, ila wewe unayelala naye nyumba moja hujui. Mpangaji wangu alikuwa wa kundi hilo. Narudia, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia: jina halikuonekana, na mtu alikuwa ametiwa hatiani.

Msikimbilie tovuti ya kitaifa mkidhani itaziba pengo. Ile yenye jina la Dru Sjodin, binti wa Minnesota aliyetekwa mwaka 2003, hukusanya yale ambayo majimbo yenyewe yameamua kuyaweka hadharani. Jimbo likinyamaza, nayo inanyamaza. New York na Massachusetts pia haziweki ngazi ya kwanza mtandaoni.

Tafuteni rekodi za mahakama za jimbo, zinasomeka bure. Tafuteni pia historia ya makosa kwenye idara ya upelelezi ya jimbo; utahitaji tarehe ya kuzaliwa. Majina yetu yajaribuni kila namna, maana jina la baba likishageuzwa la kati na la babu kuwa la ukoo, mtu mmoja anakuwa na rekodi chini ya majina matatu. Kama amewahi kuishi jimbo jingine, rudieni huko. Kisha muulize mwenyewe, uso kwa uso, kama yuko chini ya masharti ya mahakama. Akikasirika, mwambie chumba kimejaa.

Shangazi zangu, nawapenda, lakini acheni kunipigia simu kuniambia "huyo ni mtoto wa fulani, anasali, msitiri." Ndivyo huyu alivyofika kwangu. Kule tumezoea wazee kuketi, mbuzi kulipwa, na mtoto kuambiwa anyamaze. Hata Kenya, Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 iliagiza daftari la wahalifu wa aina hii. Kumsitiri mtu mzima kwa gharama ya mtoto si undugu.

Wamarekani nao nawalaumu. Majirani hawajuani majina, wameiachia tovuti kazi ya macho. Sheria ya kwanza ya shirikisho kuyataka majimbo yote yawe na daftari ilitungwa mwaka 1994, ikapewa jina la Jacob Wetterling, mvulana wa miaka 11 aliyetekwa hapa hapa Minnesota mwaka 1989. Masalia yake yalipatikana mwaka 2016, baada ya muuaji kukiri. Mtu huyo polisi walikuwa wamemhoji zamani, wakamwachia. Watoto wengi wanaodhulumiwa hudhulumiwa na mtu wanayemfahamu, na wengi wa watu hao hawajawahi kufikishwa kortini. Daftari nalitaka libaki. Ila kwangu sasa hakuna mtu mzima wa nje anayelala chini ya paa moja na wanangu, hata kodi ikinielemea.

Kama umeshampokea na umejua leo, watoe watoto kwanza, leo hii, wakalale kwingine. Usimtangaze kwenye makundi ya WhatsApp wala kumtishia. Kutumia daftari kumsumbua mtu ni kosa linaloweza kukupeleka wewe ndani. Piga simu kaunti kabla hawajakupigia. Wakileta karatasi, tafuta wakili wa msaada wa kisheria kabla ya kutia sahihi. Mimi nilitia sahihi ya kwanza nikiwa peke yangu, saa mbili usiku, bila kuisoma hadi mwisho.