Kukamilisha Seti ya Topps ya 1952: Anzia Kadi ya 311

Seti ya kadi za besiboli iliyotolewa na kampuni ya Topps nchini Marekani mwaka 1952 ina kadi 407, na wakusanyaji wengi niliowafahamu wamekwama walipofika ya 310. Kadi 97 za mwisho zilifika madukani msimu ukielekea ukingoni, hazikununuliwa sana, na masalia yake yalikaa ghalani hadi mwaka 1960, Sy Berger, aliyeshiriki kuibuni seti hiyo, aliposimamia kutupwa kwake katika bahari ya Atlantiki. Ndiyo maana ninashauri kazi hii ianzie mwishoni, wakati mfuko wako bado una nguvu.

Kwanza, amua hali ya kadi utakayoikubali, kisha usiyumbe. Kadi hupimwa kwa daraja la 1 hadi 10. Mimi nilichagua la 3, yaani pembe zimeviringika na huenda kuna mkunjo mdogo, lakini sura ya mchezaji iko safi.

Pili, andika orodha ya namba zote na uamue mapema kuhusu kadi 80 za kwanza, ambazo migongo yake ilichapwa kwa wino mwekundu au mweusi. Kwangu mgongo mmoja kwa kila namba unatosha. Anayetaka yote miwili ajue kwamba anaongeza kadi 80 kwenye safari yake.

Tatu, nunua namba 311 hadi 407 moja moja, ukianza na wachezaji wasio na jina kubwa. Mickey Mantle, namba 311, anaweza kusubiri. Kadi yake moja iliuzwa kwa dola milioni 12.6 mwaka 2022, lakini yeye, Jackie Robinson na Bobby Thomson walipewa nafasi mbili kila mmoja katika karatasi ya kiwandani, hivyo kadi zao zilichapwa kwa wingi zaidi. Bei ya Mantle inapandishwa na wingi wa wanaomtaka kuliko uhaba wake. Namba 1 hadi 310 utazipata baadaye kwa mafungu, isipokuwa Andy Pafko, ambaye ni namba 1. Watoto walifunga kadi zao kwa mpira wa bendi, na ya juu ndiyo iliyoumia: Pafko wangu ana pengo dogo kwenye kila ukingo wa pembeni, mahali bendi ilipomng'ata kwa miaka.

Nne, pima kabla ya kulipa. Kadi halisi ina upana wa karibu milimita 67 na urefu wa milimita 95, ilhali nakala ambazo Topps yenyewe ilizichapa upya mwaka 1983 zina milimita 64 kwa 89. Wakataji wa kingo, yaani wanaokata ukingo uliochakaa ili kadi ionekane mpya, ndio wagumu zaidi kuwagundua. Niliwahi kununua kwenye maonyesho kadi iliyopungua milimita moja na nusu tu, na ishara ilikuwa wazi kama ningetazama: ukingo mmoja ulikuwa mweupe na mkali, wakati mitatu mingine ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tangu siku hiyo sitoki bila rula na lenzi.

Mwisho, usizilazimishe kuingia katika kurasa za albamu zenye mifuko tisa. Hizo zilitengenezwa kwa kadi ndogo za miaka ya baadaye, na pembe zitakunjika mara ya kwanza tu. Nunua kurasa zenye mifuko mipana, zisizo na plastiki aina ya PVC.