Jinsi ya kuiona fosfati kwenye protini ya Akt bila kuipoteza njiani

Insulini ikifika kwenye seli ya ini, dakika chache tu baadaye protini iitwayo Akt inakuwa imebandikwa fosfati, mojawapo kwenye serini (aina ya asidi amino) ya 473 katika mnyororo wake. Akt ikishaamka, nayo huibandika fosfati GSK3, kimeng'enya kinachozuia utengenezaji wa glikojeni (sukari ya akiba), na kuizima, na seli huanza kuweka akiba hiyo. Vimeng'enya vinavyobandika ni kinasi. Fosfati huitoa kwenye ATP, molekuli ya nishati ya seli. Vinavyobandua ni fosfatasi, na kazi yako yote ni kuziwahi hizo.

Hatua ya 1. Chukua sahani mbili za seli na uziache bila seramu (majimaji ya damu yanayowekwa kwenye chakula chao) usiku kucha. Asubuhi, sahani moja ipe insulini nanomola 100 kwa dakika 10, nyingine usiipe.

Hatua ya 2. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Seli ikipasuka, fosfatasi hazifi, zinaendelea kula fosfati zako. Weka sahani juu ya barafu, osha kwa bafa baridi, kisha pasua kwa bafa yenye floridi ya sodiamu milimola 50, inayozizuia fosfatasi. Ongeza vanadeti milimola 1, inayozuia fosfatasi za tairosini (asidi amino nyingine), ukitaka kupima pia tairosini za kipokezi cha insulini. Vanadeti haifai kutumika mbichi: kwenye pH 10 mmumunyo una rangi ya njano, uchemshe hadi uwe mweupe kama maji, upoze, rekebisha pH, rudia hadi njano isirudi tena. Kwangua seli, zungusha kwenye sentrifuji nyuzi 4, changanya na bafa ya SDS (sabuni inayokunjua protini), chemsha dakika 5. Baada ya hapo unaweza kupumua.

Hatua ya 3. Endesha jeli, inayotenganisha protini kwa ukubwa, na uzihamishie kwenye utando kama ulivyozoea.

Hatua ya 4. Ziba utando kwa albumini asilimia 5 ndani ya bafa ya Trisi. Usitumie maziwa ya unga. Kaseini ya maziwa yenyewe ni protini yenye fosfati, na mwaka wangu wa kwanza maabarani maziwa yalinipa utando mweusi mtupu, wiki nzima ikapotea.

Hatua ya 5. Kabla ya kingamwili (protini inayoshika shabaha yake na kuionyesha), kata kipande cha utando ukiloweke kwenye fosfatasi ya lambda, inayobandua fosfati. Kisha vyote vilaze na kingamwili inayoshika Akt yenye fosfati kwenye serini ya 473. Tafuta mstari karibu na kilodaltoni 60, halafu pima Akt yote, yenye fosfati na isiyo nayo, kwa kulinganisha. Kwenye kipande kilicholowekwa, mstari lazima ufutike. Usipofutika, kingamwili hiyo haioni fosfati, tafuta nyingine.